Siku Tulipotembeza Paipu Barabarani

Pampu ya kisima chetu ilikufa siku ya Jumatano, na dada yangu alikuwa aolewe Jumamosi.

Tulikuwa tukikaa Kilimani, wakati Kilimani ilikuwa bado na nyasi nyingi kuliko kuta, na nyumba moja haikujua nyingine imepika nini. Mzungu aliyekaa humo kabla yetu alichimbisha kisima kirefu kwa ajili ya mawaridi yake. Baada ya uhuru akafunga virago, akatuachia kisima, pampu ya umeme iliyozama huko chini kabisa, na mawaridi ambayo mama aliyang'oa taratibu ili apate nafasi ya asumini na mchicha. Maji ya bomba la mji yalifika mpaka jikoni, lakini mwaka ule wa ukame yalikuja membamba kama uzi, na mchana hayakuja kabisa. Kwa hiyo kila tulichooga, tulichofua na tulichopika kilitoka kisimani.

Kwa asili sisi ni watu wa Mombasa. Baba alikuwa na duka la vitambaa mjini, upande wa River Road, na alikuwa ameishi Nairobi miaka mingi kuliko aliyoishi pwani, ila ukimuuliza kwao ni wapi hakutaja Nairobi. Harusi ya dada ilikuwa imeleta ugomvi wa mwaka mzima. Ukoo wote ulitaka ifanyike Mombasa. Aliyeongoza msimamo huo alikuwa mdogo wake babu yangu, mzee ambaye sote tulimwita Babu, na ambaye alisema kwamba harusi ya Nairobi ni mkutano wa watu wanaosikia baridi. Mama, ambaye kwa kawaida hakubishana na mtu, alikataa. Alisema mwanawe atatoka kwenye mlango wake, na mlango wake uko Kilimani.

Pampu ilipokufa, wakwe watarajiwa walisikia haraka kuliko sisi wenyewe. Walikuwa wafanyabiashara wenye nyumba kubwa katikati ya mji, na kwa adabu nyingi wakatutolea ua wao: pilau ipikwe kwao, wageni waketi kwao, na bibi harusi atokee kwao. Baba akakubaliana nao kwamba kama maji hayatakuwa yametoka mpaka Ijumaa magharibi, atawapigia simu na kila kitu kitahamia huko. Mama aliyasikia makubaliano hayo akiwa anachambua iliki. Hakuinua kichwa. Lakini nilimwona akiichambua iliki ileile mara ya pili, na mimi nikaelewa kwamba dada yangu ataolewa akitokea nyumbani kwa mumewe, kama mtu asiye na kwao, na kwamba mama hatalisema jambo hilo maisha yake yote.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, nikifundisha fizikia katika shule ya wasichana. Chuoni nilikuwa nimepata tabia ambayo nyumbani waliiona kama homa isiyopona: kuuliza. Niliuliza kwa nini mtu avue viatu kwa mguu wa kushoto kwanza. Niliuliza kwa nini wanaume wale kwanza ilhali sisi wanawake tuliosimama jikoni ndio wenye njaa. Niliuliza kwa nini kila mtu mkubwa akitokea, sharti tumpokee mkono wake kwa mikono yetu miwili na kuubusu, hata kama tumemwona dakika chache zilizopita. Baba alikuwa na jibu moja kwa yote hayo, nalo lilikuwa kugeuza ukurasa wa gazeti.

Shangazi alikuwa wa kwanza kutangaza kilichoiua pampu. Ni jicho, alisema. Watu wameona harusi, wameona nyumba, wamehusudu. Nikamuuliza imekuwaje jicho hilo lipite nyumba nzima, lipite bangili za dhahabu za dada, lipite gari la baba, liende likazame chini ya kisima penye giza.

"Jicho halina adabu," alinijibu. "Kama wewe."

Wa pili kutoa hukumu alikuwa jirani yetu, Singasinga mwenye gereji, ambaye alivuka ua wa miiba ya kayaba akiwa na bisibisi mfukoni kama watu wengine wanavyotia kalamu. Yeye alisema ni swichi. Nikasema tupime. Akasema hakuna haja ya kupima, swichi za aina ile amezifungua kabla mimi sijazaliwa. Nikasema basi kupima hakutamchelewesha. Tulibishana pale mbele ya sanduku la umeme mpaka akacheka mwenyewe, akaenda kuleta mita yake ya kupimia umeme, akanipa niishike. Swichi ilikuwa nzima. Umeme ulishuka vizuri, halafu ukapotelea ardhini.

"Haya, mwalimu," alisema, "swichi mzima. Chini kwisha kufa. Sasa wewe uliza kisima."

Swali lilikuwa moja tu: je, ni waya uliochunika au ni mota iliyoungua? Waya tungeuunga upya. Mota ingebidi kununuliwa. Ila kujua ipi kati ya hizo kulihitaji kitu kilekile, kuitoa pampu nje.

Alhamisi asubuhi ami zangu walifika kwa treni ya Mombasa, pamoja na binamu na marafiki wa binamu, wamekuja kula harusi na sasa wameambiwa wavute. Bahati yetu ni kwamba Mzungu yule hakutumia mabomba ya chuma. Pampu ilining'inia kwenye paipu nyeusi ya plastiki, kipande kimoja kutoka juu mpaka chini. Paipu ya namna hiyo huitoi kwa kufungua vipande. Unaishika, unaipitisha juu ya kitu kinachozunguka ili isikwanguliwe na mdomo wa kisima, kisha unatembea nayo kuelekea mbali. Singasinga alileta ringi ya gurudumu la lori, akaipachika kwenye fremu juu ya kisima. Waliobaki kazi yao ilikuwa kujipanga na kutembea.

Hapo ndipo tulipokwama. Mbele ya mstari ni mahali pa heshima, na hakuna mtu wa Mombasa anayekubali kutangulia mbele ya mkubwa wake, wala mkubwa anayejichukulia nafasi hiyo bila kwanza kumpa mwingine.

"Tangulia wewe."

"Mimi nitangulie, nawe upo?"

"Basi mgeni atangulie."

"Mgeni nani? Humu sote tumo kwetu."

Paipu ilikuwa imelala kwenye nyasi, ncha yake haina mtu, na wanaume wenye nguvu za kusukuma lori wamesimama nyuma yake wakisukumiana adabu. Singasinga aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawa anachana ndevu kwa vidole. Mimi niliuliza kwa nini wanawake nao wasishike. Ami mkubwa akaniambia nikaangalie kama iliki imekwisha kuchambuliwa. Nikamwambia siwezi, kwa sababu waya wa umeme umefungwa kwenye paipu kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na lazima awepo mtu pale kisimani wa kuvikata kila kimoja kinapotoka, na ni kazi ya matope. Aliangalia kanzu yake, akaangalia matope, akakubali kwamba kweli inahitajika elimu.

Hatimaye ncha ikachukuliwa na ami mdogo kuliko wote, baada ya wakubwa wote kumwamuru kwa pamoja, na mstari ukaanza kutembea. Sijaona tena kitu kama kile. Paipu ilivuka nyasi, ikatoka getini, ikakata kona, ikapanda barabara yetu tulivu kati ya nyua za kayaba, ikibebwa na wanaume waliovaa kofia zilizoshonwa kwa mkono, hatua kwa hatua, kama wanaosindikiza nyoka mheshimiwa. Mbwa wa majirani walibweka mpaka sauti zikawakauka. Mwanamke aliyekuwa akitoka Kangemi kuuza sukuma wiki milango ya nyuma alitua mzigo wake, akaketi ukingoni mwa barabara, akacheka huku akijifuta macho. Kisha barabara ikaanza kuteremka, ncha ikashuka, na maji yote yaliyokuwa ndani ya paipu yakamtokea ami mdogo kifuani. Kutoka kisimani nilisikia kicheko kikija kwangu kwa kupokezanwa, mtu hadi mtu, kabla sijajua kilichochekwa.

Pampu ilipotokea, haikuhitaji mita. Ilinuka kuungua. Hata shangazi, kutoka barazani, alikubali kwamba jicho lilikuwa limeingia kwenye mota.

Tuligundua jambo jingine. Kamba iliyopaswa kuishikilia pampu, kama paipu itaponyoka, ilikuwa imeoza na kukatika zamani. Baba alishuka mjini, akarudi jioni na pampu mpya imelazwa kiti cha nyuma kama mgonjwa, na kamba mpya akaisahau kwa muuzaji. Singasinga hakupendezwa. Alisema tusubiri kamba. Mimi niliuliza itakuwaje paipu ikituponyoka na pampu mpya ikatumbukia, kwa sababu hapo hatutakuwa tumepoteza pampu tu, tutakuwa tumeziba kisima. Ami mkubwa akacheka.

"Kamba ya nini, na wanaume wote hawa?"

Ijumaa asubuhi mimi na Singasinga tuliunganisha waya wa pampu mpya na ule wa zamani, tukauzungushia utepe wa mpira tabaka juu ya tabaka. Nilitaka kujua kama maji yatapenya kwenye maungio, na chombo pekee cha kutosha kilikuwa sufuria kubwa la pilau la harusi. Mama alipouona waya ukiogelea ndani ya sufuria lake alisimama mlangoni. Akauliza kama waya huo ni safi. Nikamwambia usafi huo ndio tunaoupima. Mita ikasema hakuna kinachovuja, mama akalichukua sufuria lake akalisugua kwa majivu.

Walipotoka kuswali Ijumaa mjini, wanaume walirudi na kanzu nyeupe, wakazipandisha na kuzifunga kiunoni, na safari hii tukatembea kinyume: mstari ulianzia mbali barabarani, ukawa unasogea polepole kuelekea kisimani, na pampu ikawa inazama. Mimi nilikuwa palepale kwenye ringi nikifunga waya kwenye paipu. Singasinga alikuwa mbele yangu, ameshika paipu, anahesabia hatua kwa sauti. Kila pampu ilivyoshuka ndivyo ilivyokuwa nzito. Nilisikia uzito huo viganjani, lakini kwa mstari mzima wa wanaume haukuwa kitu. Walikuwa wakitaniana. Mmoja aliuliza kama dada atawapa wavutaji posho yao.

Nusu ya paipu ilikuwa imekwisha kuzama, na mkia wa mstari umefika getini, teksi iliposimama nje. Akashuka Babu.

Alikuwa ametoka Mombasa kwa basi, kwa sababu treni hakuiamini, akapitia msikitini, na sasa amekuja kuona kama maneno yake kuhusu Nairobi yalikuwa ya kweli. Kanzu yake haikuwa na mkunjo. Aliegemea bakora, akatazama mstari wa jamaa zake waliokunja kanzu, kisha akafanya kile ambacho mzee yeyote wa kwetu angefanya. Alianza kuamkiana nao.

Aliyekuwa mwisho wa mstari aliachia paipu, akaupokea mkono wa Babu kwa mikono yake miwili, akaubusu. Babu akamuuliza hali yake, hali ya mkewe, hali ya mama mkwe wake na mguu wake. Akahamia kwa wa pili. Wa pili akaachia. Na yule wa kwanza, kwa kuwa haifai mzee atembee peke yake akiwa mgeni, hakurudi kwenye paipu. Aliingia nyuma ya Babu akamfuata. Wa tatu akaachia, akauliza habari za safari, akafuata. Kila mmoja aliona ni yeye tu anayeachia kwa dakika moja, na kwamba wengine wapo. Kutoka kisimani niliwatazama wakija, Babu mbele na msafara wake nyuma ukirefuka, na mstari wa wavutaji mbele yake ukifupika, na sikuamini kwamba hakuna hata mmoja anayeona.

Halafu paipu ikaniteleza viganjani.

Iliteleza kidogo, ikasimama, ikateleza tena kwa kasi. Singasinga alijitupa nyuma akachimbia visigino ardhini. Mimi niliacha waya nikaishika kwa nguvu zangu zote, ngozi ikaniungua. Waliobaki walikuwa wachache, na kati yao wawili walikuwa tayari wanajipangusa mikono kwa ajili ya kumwamkia Babu. Nikapiga ukelele wa kumwita mama. Sikumwita baba wala ami. Sijui kwa nini, ila nadhani ni kwa sababu barazani kulikuwa na watu ambao hakuna mtu angewapa mkono mpaka kila mwanaume amekwisha kupewa.

Mama alikuwa wa kwanza kushuka ngazi. Kanga ilikuwa imefungwa kifuani, mikono ina tangawizi. Nyuma yake shangazi, nyuma yake wapishi wawili tuliowakodi kutoka Pumwani, waliozoea kuinua masufuria ya watu mia, na nyuma yao dada yangu mwenyewe, bibi harusi ambaye hakutakiwa kuonekana na jua wiki nzima, mikono imechorwa hina. Waliishika paipu kama waliofanya kazi hiyo maisha yao yote. Ikasimama.

Ndipo Babu akanifikia. Alikuwa hajagundua chochote. Alininyooshea mkono, akangoja.

"Mbona hunipi mkono, mjukuu wangu? Ndiyo elimu hiyo?"

"Shikamoo, Babu. Mikono yangu imeshika maji ya harusi. Nikikupa mkono, kesho hakuna pilau."

Alitazama mikono yangu. Alifuata paipu kwa macho mpaka kwenye ringi, mpaka kwenye tundu la kisima, kisha akarudi nayo upande wa pili: Singasinga amejivuta nyuma karibu alale chali, mama ameuma midomo, bibi harusi na hina yake, wapishi. Kisha akageuka nyuma na kuwaona wanawe na wapwa zake wote, wamesimama katika msafara, mikono imekunjwa mbele kwa heshima.

"Mwanifuata nini?" aliwauliza. "Mimi jeneza?"

Akaitupa bakora kwenye nyasi, akaikamata paipu kati ya shangazi na mama, na kanzu ile isiyo na mkunjo ikagusa matope. Wanaume wakaja mbio. Hakuna aliyempisha mwenzake. Kila mmoja alishika popote alipofikia, mkubwa nyuma ya mdogo, ami nyuma ya mpishi, na mwanamke wa sukuma wiki, ambaye siku hiyo alikuwa amerudi makusudi kutazama, akaingia kati akashika pia. Tulianza kutembea. Kwa kuwa Singasinga hakuwa na pumzi ya kuhesabu, Babu alichukua kazi hiyo, akahesabu kwa kaswida ya harusi, mstari mmoja hatua moja, na wanawake wakawa wanaitikia. Niliuliza, kwa sauti ndogo, kama inafaa kaswida kuimbiwa pampu. Shangazi aliniambia ninyamaze nifunge waya wangu.

Pampu ilifika chini. Singasinga akaikaza paipu kwa vibano juu ya kisima, akavikaza tena, kisha akavipiga teke kuvijaribu. Tukaunganisha na bomba la tangi. Jua lilikuwa limekwisha kushuka nyuma ya miti upande wa Ngong, na baba alikuwa ameanza kutembea kati ya kisima na ukumbi wa ndani ulipokuwa na simu, bila kufika popote.

Niliwasha swichi.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Nilijaribu kukumbuka kama nimeunganisha nyaya kwa rangi zake, nikajiuliza maswali yangu yote ya fizikia kwa mkupuo. Mama alikuwa amesimama kando ya tangi, hatazami mtu. Kisha bomba likapiga chafya, likatoa hewa, likapiga chafya tena, likatapika matope mekundu, halafu kutu, halafu maji ya rangi ya chai, na mwisho yakaja yenyewe, meupe, mengi, yakigonga sakafu ya tangi kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Vigelegele vilianzia kwa wapishi. Dada yangu aliloweka miguu yake yenye hina kwenye dimbwi, akaambiwa atoke, akakataa.

Babu alikinga kiganja, akanywa. Alionja muda mrefu kama mtu anayenunua.

"Hayana chumvi hata chembe," alimwambia mama. "Pilau ya kesho utaizidishia chumvi."

Mama akasema ataizidishia. Kisha akaingia ndani, nami nikamfuata, kwa sababu nilitaka kumwona. Baba alikuwa ameshika simu, amekwisha kumpata mkwe, na anaendelea na salamu ndefu zinazotangulia kila jambo, habari za huyu na afya ya yule, bila kujua bado aanze vipi kuukataa ukarimu wao. Mama alisimama mbele yake, kanga yote matope, tangawizi na mafuta ya paipu mikononi.

"Mwambie hatuhitaji ua wake," alisema. "Mwambie kesho aje na bwana harusi tu."

Baba akafunika simu kwa kiganja. Aliuliza kama amwambie hivyohivyo.

"Hivyohivyo," alisema mama, na akaenda kuosha mchele.